Ninavyovipenda msimu ukigeuka: cherehani, kabati na oveni

Pamba, kitani, unga, sukari na siagi vina tabia moja: hewa ikibadilika, navyo vinabadilika. Unga uliokaa kwenye hewa yenye unyevu umeshakunywa maji kabla hujaupima. Siagi iliyoachwa mezani mchana wa joto si ile ya alfajiri. Kitani kilichokauka kabisa hugoma kunyooka hata pasi iwe ya moto vipi, lakini kikiwa na unyevunyevu kinalala mara moja. Kwa hiyo vipendwa vyangu vya msimu havifuati rangi ya mwaka wala kinachotamba mitandaoni. Najiuliza tu: hewa ya sasa inasaidia kazi gani, na inaharibu ipi? Zipo kazi za cherehani na za oveni ambazo ukizifanya nje ya wakati wake utahangaika, hata uwe na mkono mzuri kiasi gani.

Joto: kitani, marinda na keki ya mafuta

Kwa nguo za joto naanza na kitani, na sioni cha kukishinda. Kinanyonya jasho na kulitoa haraka, tena ugumu wake wa asili unakifanya kisimame mbali kidogo na mwili, hewa ikapita. Pamba nyepesi inafuata. Viskosi, kitambaa laini kinachotokana na massa ya miti, ni baridi mwilini na inaanguka vizuri, ila ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota; ibonyeze ndani ya taulo kisha uianike. Poliesta tupu kwenye joto naiachia miavuli. Anayeogopa mikunjo ya kitani atafute mchanganyiko wa kitani na pamba, maana unakunjamana kidogo na hauponyoki ovyo chini ya mkasi.

Kabla ya kukata, fua kitambaa vilevile nguo itakavyofuliwa baadaye. Pamba inaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5, na kitani hata zaidi. Asilimia 5 ya mita 2 ni sentimita 10, ambazo zikiondoka baada ya kushona zinaondoka na urefu wa sketi. Piga zigizaga kwenye ncha mbili zilizokatwa kabla ya kutia majini, la sivyo zitafumuka na kujisokota kuwa kamba.

Nguo ninayoirudia zaidi msimu huu ni sketi ya marinda yenye mkanda bapa mbele na lastiki nyuma. Mbele inaonekana nadhifu, nyuma inakupa nafasi ya kukaa na kula. Chukua mfano wa kiuno cha sentimita 76 na nyonga 104, kitambaa cha upana wa sentimita 140. Pande mbili za sketi zinatoka kwenye upana mmoja, kila moja sentimita 70. Kwa sketi ya urefu wa sentimita 75 chini ya mkanda, kata urefu wa 81.5: hapo kuna sentimita 5 za pindo na 1.5 za mshono wa juu. Chini yake kata ukanda mmoja wa upana wa sentimita 10 kwa ajili ya mkanda wa kiuno, na eneo linalobaki linatoa vipande vinne vya mifuko vya sentimita 18 kwa 28. Jumla ni kama mita 1.25. Nunua 1.5 kwa sababu ya kurudi.

Mkanda una vipande viwili. Wa mbele kata sentimita 43, ambao ukishashonwa unabaki 40. Wa nyuma kata 69, ubaki 66. Kwa nini wa nyuma uwe mrefu hivyo wakati kiuno kizima ni 76? Kwa sababu sketi haina zipu, na lazima mkanda ulionyooshwa upite kwenye nyonga: 40 na 66 ni 106, zinapita kwenye 104 kwa nafasi ndogo. Watu wengi hukata mkanda wa nyuma kwa kipimo cha kiuno, wanatia lastiki, kisha wanashangaa sketi inakwama mapajani. Mahesabu haya yana faida nyingine: upande wa nyuma wa sketi ukishashonwa ubavuni ni sentimita 67, karibu sawa na mkanda wake, kwa hiyo nyuma usitie marinda kabisa. Lastiki itafanya kazi hiyo yenyewe. Marinda ya kushona ni ya mbele peke yake, 67 kuingia kwenye 40.

Hapo mbele ndipo kazi inapoharibika, basi tuende taratibu. Weka mshono mrefu wa milimita 4.5, legeza uzi wa juu kwa namba moja. Shona mstari wa kwanza sentimita 1 kutoka ukingoni na wa pili sentimita 2, bila kurudisha nyuma mwanzoni wala mwishoni, ukiacha mikia ya uzi ya sentimita 10. Usishone upana wote kwa mkupuo. Anzia ubavu mmoja uishie katikati, kisha anza upya hadi ubavu wa pili. Ukivuta sentimita 67 zote kutoka upande mmoja, uzi unakatika ukiwa umebakiza kidogo tu kumaliza. Gawanya ukingo wa sketi na ukingo wa mkanda katika robo nne kwa chaki, bandika pini robo kwa robo, ndipo uvute nyuzi za chini, zile za bobini, mbili kwa pamoja. Mistari miwili inahitajika kwa sababu mmoja peke yake unaacha marinda yakilala upande na kubanwa kama mikunjo mibaya. Rudisha mshono kwenye milimita 2.5, weka upande wenye marinda juu ili uyaone, shona katikati ya mistari miwili, yaani kwenye sentimita 1.5, kisha fumua ule unaoonekana nje. Unapopiga pasi, gusa nafasi ya mshono tu na uingize ncha ya pasi kwenye marinda kutoka chini. Ukilaza pasi juu yake unayaua.

Lastiki ya upana wa sentimita 3, kata urefu wa 33, ambamo 1.5 kila upande zinaingia kwenye mshono wa ubavu. Zinabaki 30 zitakazonyooka hadi 36 mwilini, ukijumlisha na 40 za mbele unapata 76. Baada ya kuigawa sawa, piga mshono wima mmoja katikati ya nyuma, kupenya mkanda na lastiki. Lastiki inayojipindua ndani ya mkanda ni ile isiyoshikizwa mahali popote. Pindo lipinde sentimita 1 kisha 4. Kitani kinapenda pindo pana. Uzito wake unaishusha sketi. Sindano ya unene wa namba 80/12 inatosha; kwa kitani kizito panda hadi 90/14.

Kwa blauzi za pamba nyembamba sana, ambazo mshono wa ndani unaonekana kwa nje, tumia mshono wa Kifaransa. Kutanisha migongo ya kitambaa, shona milimita 6 kutoka ukingoni, punguza hadi milimita 3, piga pasi, geuza, kisha shona tena milimita 9. Jumla ni zile sentimita 1.5 za kawaida. Nyuzi ndogo zikichomoza nje, hukupunguza vya kutosha mara ya kwanza. Sindano hapa ni 70/10. Nene kuliko hiyo inavuta nyuzi na kuacha mistari.

Katika kuvaa, marinda yanaongeza unene kiunoni, kwa hiyo blauzi iwe fupi au iingizwe ndani. Blauzi ya joto ninaipa sentimita 10 hadi 15 zaidi ya kipimo cha kifua. Jasho linaonekana zaidi kwenye kijivu na bluu ya wastani. Nyeupe, nyeusi na maua madogomadogo vinaficha.

Sasa oveni. Keki ya kupiga siagi na sukari hadi iwe nyeupe inategemea siagi ya nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, ambayo ni laini lakini bado ina umbo. Sukari inachimba vishimo vya hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo keki. Siagi ikipita nyuzi 24 au 25 haishiki tena hewa, unapiga nusu saa na unachopata ni urojo unaong'aa. Keki inatoka bapa na ya mafutamafuta. Unaweza kuokoa hali kwa kuitoa siagi kwenye friji ikiwa imekatwa vipande na kuanza kupiga ikiwa bado na ubaridi, maana msuguano wenyewe utaipasha. Lakini kwa msimu huu ni afadhali keki ya mafuta, isiyojali joto la jikoni.

Ninayoipendekeza ni ya limau na mtindi. Gramu 200 za unga wa ngano, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, robo kijiko cha chumvi, gramu 180 za sukari, mayai 3, mililita 120 za mafuta yasiyo na harufu, mililita 150 za mtindi mzito na maganda ya malimau 2 yaliyokwanguliwa. Sugua maganda na sukari kwa vidole hadi sukari ilowe na kunukia. Hatua hiyo haina mbadala, kwa sababu harufu ya limau imo kwenye mafuta ya ganda, na sukari ndiyo inayoyakwangua. Changanya mayai, mtindi na mafuta humo, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi. Ukiendelea kukoroga unatengeneza utepe wa glutini, ile protini ya unga inayovutika, na keki inakuwa na mashimo marefu kama mifereji. Oka kwa nyuzi 170 katika chombo cha mkate cha urefu wa sentimita 23, dakika 45 hadi 50, hadi njiti itoke kavu. Iache chomboni dakika 10 tu. Ukiisahau humo, mvuke unageuka maji na sehemu ya chini inalowa.

Juu yake usipake krimu ya siagi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mapambo yatateleza kabla wageni hawajafika. Gramu 150 za sukari laini ya unga na vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau vinatosha, vimiminwe keki ikiwa imepoa kabisa.

Mvua: kitambaa kisichopenyeza maji, glavu za oveni, na biskuti zinazolegea

Mvua ndefu ni msimu wa kushona vitu vidogo. Nguo za nje zinazozuia maji hushonwa nyumbani vizuri tu ukikubali kanuni moja: kila tundu la sindano ni mlango. Usitumie pini popote penye kuonekana; shikilia kwa vibanio. Sindano iwe mpya, yenye ncha kali, 70/10 au 80/12, na mshono wa milimita 3, kwa sababu mshono mfupi unatoboa matundu mengi karibukaribu na kitambaa kinachanika kwa mstari. Kufumua hakuna maana, alama inabaki. Mishono ya mabegani na kofia ifunikwe kwa ndani kwa utepe wa kubandika kwa pasi. Mashine ikigoma kusukuma kitambaa chenye utando, weka karatasi nyembamba chini ya mguu wa cherehani kisha uirarue.

Kinachonivutia zaidi kipindi hiki ni glavu za oveni, na hapa lazima niseme kwa ukali kidogo: usijaze poliesta. Poliesta huyeyuka kwenye karibu nyuzi 250 na hulainika kabla ya hapo, na trei ya mkate hufika nyuzi 220 au 230. Tumia pamba kila mahali: kitambaa cha nje, cha ndani, ujazo, hata uzi. Ujazo mzuri na rahisi ni taulo kuukuu la pamba, tabaka mbili kila upande. Chora mkono wako ukiwa umetanua kidole gumba, ongeza sentimita 4 kuzunguka, maana unene unakula nafasi kuliko unavyodhani. Tabaka za kila upande zishonwe pamoja kwanza kwa mistari ya mshazari yenye umbali wa sentimita 4, sindano 100/16, mshono wa milimita 3.5. Kutanisha pande mbili, shona kuzunguka kwa sentimita 1. Kona iliyo kati ya gumba na kiganja ishone mara mbili kwa mshono wa milimita 2, kisha kata kuelekea konani hadi ibaki milimita 2 kufika kwenye uzi. Usipokata, glavu ikigeuzwa inakunjamana pale pale na gumba haliingii. Usipoimarisha kabla ya kukata, inachanika mwezi wa kwanza. Na glavu iliyolowa usiishikie trei: maji yanapitisha joto haraka mno na mvuke unaunguza ngozi ndani ya glavu.

Jikoni, unyevu unasumbua vitu viwili: unga na sukari. Donge la mkate kwa kipimo kilekile cha maji linanata zaidi. Jibu ni kuzuia vijiko 2 vya chakula vya maji kati ya kila mililita 325 unazoweka kwenye gramu 500 za unga, na kuyaongeza baada ya dakika tano za kukanda iwapo donge litayahitaji. Wengi hufanya kinyume, wananyunyiza unga mezani hadi donge liache kunata, na mkate unatoka mkavu na wenye chumvi pungufu.

Merengi usijaribu kabisa siku ya mvua. Povu la yai na sukari hunyonya unyevu wa hewani, linatoa matone ya sukari na kunata hata kama lilitoka kwenye oveni limekauka. Subiri siku kavu.

Biskuti zina uwezekano, kwa masharti. Zioke hadi kingo ziwe za hudhurungi, zipoe kabisa juu ya wavu, ziingie kwenye chombo kisichopitisha hewa siku hiyohiyo. Ukizifungia zikiwa na uvuguvugu, mvuke wake wenyewe unazilegeza. Usichanganye biskuti ngumu na keki kwenye kopo moja, unyevu wa keki unahamia kwenye biskuti. Zilizokwisha kulegea zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, zitakauka zikipoa. Biskuti rahisi kuliko zote ni za uwiano wa 3, 2 na 1 kwa uzito: gramu 300 za unga, 200 za siagi, 100 za sukari, chumvi kidogo. Sugua, bonyeza pamoja, pumzisha kwenye friji dakika 30, kata, oka kwa nyuzi 160 dakika 20 hadi 25. Zikitawanyika, ama donge liliingia na joto, ama trei ilikuwa bado ya moto kutoka mzunguko uliopita.

Mkate wa msimu huu usihifadhi kwenye plastiki zaidi ya siku moja, ukungu unawahi. Kata vipande, gandisha, toa unachokula.

Baridi: flaneli, kodrai, shingo ya fulana na donge la hamira

Flaneli ni pamba iliyokwanguliwa ikaota manyoya, na ndiyo inayorudi kuliko pamba zote. Ifue mara mbili kwa maji ya moto kabla ya kukata. Kodrai, kitambaa chenye mistari ya manyoya mafupi, ina uelekeo: pitisha kiganja, upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza. Vipande vyote vikatwe vikiangalia upande mmoja, la sivyo mguu mmoja wa suruali utaonekana mweusi kuliko mwenzake. Uelekeo ukipanda juu rangi inakolea. Nunua ziada ya kama robo, kwa sababu huwezi kugeuza vipande ili vijipange. Piga pasi kwa upande wa ndani, juu ya taulo, na fungua sehemu ya bobini mara kwa mara uondoe vumbi.

Fulana nzito za mikono mirefu huwashinda wengi kwenye shingo. Siri yote ni kipimo. Pima mstari wa mshono wa shingo, siyo ukingo, ukiusimamisha utepe wa kupimia kwa upana wake. Ikiwa ni sentimita 56, zidisha kwa 0.85, unapata 47.6, ongeza 2 za mshono, kata utepe wa kama 49.5. Upana kwa shingo ya sentimita 2 ni 6, maana unakunjwa mara mbili na una sentimita 1 ya mshono kila upande. Ukate kufuata upande wa kitambaa unaonyumbuka zaidi. Gawanya utepe na shingo kwa robo, nyoosha utepe tu ufikie shingo, shingo yenyewe usiivute. Shona kwa zigizaga nyembamba, upana milimita 0.5 hadi 1, urefu 2.5. Utepe ukisimama na kupwaya mbali na mwili ulikuwa mrefu. Kifua kikikunjamana kuzunguka shingo ulikuwa mfupi. Mshono ukiruka hatua, sindano ndiyo mbaya: inatakiwa yenye ncha ya mviringo, 75/11 au 80/12. Ukitoka na mawimbi, punguza mgandamizo wa mguu wa cherehani, kisha shikilia pasi ya mvuke juu yake bila kuigusisha na uache kitambaa kijirudi.

Katika kuvaa tabaka, ya ndani ibane kidogo, ya nje ipanuke. Koti la kuvaliwa juu ya sweta lipe sentimita 15 hadi 20 za ziada kifuani na angalau 4 kwenye mkono, na kwapa lishuke sentimita 1 hadi 2. Koti likibana, karibu kila mara tatizo liko kwapani na wala si kifuani. Tabaka inayogusa ngozi, kwa anayetembea na kutoka jasho, sufu nyembamba ni bora kuliko pamba, kwa kuwa pamba ikilowa inakaa imelowa na kukupoza.

Keki ya tangawizi ni ya msimu huu kwa sababu haiogopi siagi ngumu, siagi yenyewe inayeyushwa. Yeyusha gramu 120 za siagi na 120 za sukari ya kahawia na gramu 200 za molasi, ile sharubati nzito nyeusi ya miwa, au nusu molasi nusu asali. Ipue, tia mililita 200 za maziwa baridi, ambayo yanashusha joto ili mayai 2 yasiive yakiingia. Mimina kwenye gramu 250 za unga uliochekechwa na kijiko 1 cha chai cha magadi soda, kimoja cha beking pauda, kijiko 1 cha chakula cha tangawizi ya unga na kimoja cha chai cha mdalasini. Mchanganyiko ni mwepesi, unamiminika, usiongeze unga. Oka mara moja, kwani magadi soda yakikutana na tindikali ya molasi hayasubiri. Nyuzi 170, chombo cha mraba cha sentimita 20, dakika 45 hadi 50. Ikizama katikati, ama ulifungua mlango mapema au magadi soda yalizidi. Ifunge, ukate siku ya pili au ya tatu, inanata na kukolea.

Mikate ya mdalasini ya kuviringisha inahitaji subira na kipimajoto. Gramu 500 za unga, 7 za hamira kavu ya papo kwa papo, 60 za sukari, 8 za chumvi, yai 1, mililita 260 za maziwa na gramu 75 za siagi laini inayoingia mwisho, baada ya donge kuanza kuvutika. Donge likimaliza kukandwa liwe na nyuzi 26. Ili kulifikisha hapo, chukua 26 mara 3, ambayo ni 78, toa joto la jikoni, toa joto la unga. Kinachobaki ndilo joto la maziwa. Jikoni 18 na unga 18, maziwa yawe 42. Siku ya joto, jikoni 31 na unga 30, maziwa yawe 17, yaani ya ubaridi kidogo. Ukikanda kwa mashine punguza nyuzi kadhaa zaidi, msuguano unapasha. Hamira hufa ikifika nyuzi 60, na wengi huiua kwa maziwa yaliyotoka kuchemka.

Likishaumuka maradufu, lisukume liwe sentimita 45 kwa 30. Paka gramu 80 za siagi laini, siyo iliyoyeyuka, kisha gramu 100 za sukari ya kahawia iliyochanganywa na kijiko 1 na nusu cha chakula cha mdalasini. Mdalasini ubaki kwenye ujazo. Ukiutia ndani ya donge unapunguza kasi ya hamira. Viringisha kutoka upande mrefu, kwa mkono mwepesi: ukikaza sana katikati inachomoza juu ikiiva, ukilegeza sana ujazo unaacha mwanya. Kwa kukata, chukua uzi mnene wa pamba usio na rangi, upitishe chini ya gogo, kutanisha ncha juu, vuta kinyume. Kisu kinaponda, uzi unaacha duara safi. Toa vipande 12 vya karibu sentimita 3.75, vipange kwenye chombo cha sentimita 23 kwa 33.

Viumuke tena dakika 40 hadi 60, hadi vigusane na alama ya kidole irudi polepole. Ikirudi upesi, bado. Isiporudi kabisa, vimepita, vitasinyaa kwenye oveni. Oka kwa nyuzi 180 dakika 22 hadi 25, ndani iwe nyuzi 88 hadi 90. Kama unataka kuvioka asubuhi, vifunike na uviweke kwenye friji baada tu ya kuvipanga, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha vitoe vikae nje hadi vivimbe tena kabla ya kuingia kwenye oveni. Jikoni penye baridi hatua hiyo ya mwisho huchukua hadi muda wa saa moja na nusu, na ukiikatiza, katikati ya kila kimoja itabaki donge bichi.